Blanketi la Bwana Barabara

Kamwene, Mjomba.

Najua huitikii. Nakusalimu hivyo hivyo, kwa sababu nimekuja kugombana nawe, na dada yako hakunilea nianze ugomvi bila salamu.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako hapa Kihesa. Walikuzika Jumatano, pembeni kabisa kwenye mikaratusi, bila kengele wala kwaya. Wewe, sauti ya besi ya kanisa lile! Nilipofika, udongo ulikuwa umeshashindiliwa. Bwana Barabara, huyu mkaguzi wetu wa kizungu, alikuwa ameniacha Sao Hill nilinde nyumba yake ya magurudumu, naye akakuleta huku nyuma ya lori kama gunia la saruji. Akawaambia wazee wa kanisa, "Hii dreva kunywa pombe mingi, lala inje, kufa baridi." Wakamwamini. Mkaguzi wa barabara akisema, nani amuulize mara mbili?

Pombe! Wewe ambaye hata togwa ikianza kuchachuka ulikuwa ukiisukuma kando.

Nina hasira naye, Mjomba, hadi naharibu mwandiko. Lakini na wewe pia. Kwa nini uliipenda ile mashine yake ya umeme? Tangu tulipotoka Mbeya tukiikokota ile nyumba, kila tulipopiga kambi uliishusha jenereta kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, ukavuta waya hadi kitandani kwake, ili blanketi la umeme lipate moto. Nilipokuuliza kwa nini mtu mzima asijifunike mablanketi mawili kama sisi, ulicheka. "Karani, mzungu ni kama yai. Usipompa joto haanguliki." Mimi nilicheka pia. Sasa sicheki.

Siku ile Sao Hill ilikuwa na manyunyu na upepo. Bwana akatoa kichwa dirishani: "Dreva! Funika hiyo! Kelele sana!" Ukaifunika. Ukaisimamishia turubai pande zote, ukaingia humo pamoja na debe la petroli, maana alikuamuru uijaze kila inapopungua. Ukaniita, "Karani, njoo, huku ni Dar es Salaam!" Nikakwambia harufu inanitia kichefuchefu, nalala ndani ya lori. Ukasema, "Pua ya shule hiyo." Ndilo neno lako la mwisho kwangu, Mjomba. Pua ya shule.

Kulipopambazuka aligonga kioo cha lori. Hakuuliza habari yako. "Karani, blanketi baridi. Amsha dreva." Nikafunua turubai. Petroli ilikuwa imekwisha kwenye mashine, na debe lilikuwa limejaa kando yako, hujaligusa. Ndipo nikaelewa, na sijaacha kufikiri hivyo tangu hapo: yeye alikuwa angali amelala kwenye joto wakati wewe umeshapoa.

Alhamisi nilikwenda kwa dresa wa hospitali ya misheni, yule aliyekutazama kabla hujazikwa. Alifunga mlango kwanza. Akasema midomo yako ilikuwa myekundu, na kwamba hivyo ndivyo anavyokuwa mtu aliyeuawa na moshi wa injini mahali palipofungwa. "Hata tone la pombe sikulinusa. Lakini ndugu yangu, mimi nina watoto. Usinitaje." Sitamtaja.

Jana nilimweleza mzee wa kanisa niliyoyaona kwa macho yangu: turubai, debe lililojaa, amri ya kufunika. Akasema, "Kijana, haya yaseme Jumapili mbele ya watu. Ukiyasema, tutakwenda kaburini na kwaya yote. Ukinyamaza, mimi peke yangu siwezi." Mke wako alikuwa amesimama mlangoni. Wanawake wa kisimani wamekwisha kumwita mke wa mlevi, na yeye anachota maji mchana jua linapowaka, ili asikutane nao.

Jumapili ni kesho. Leo Bwana Barabara anarudi Mbeya, na amesema nitaiendesha mimi hiyo jenereta, kwa kuwa nimesoma. Nisipopanda lori leo, nisipande tena. Unajua ulivyohangaika kunipatia kazi ile. Ulivua kofia mbele ya watu wasiostahili. Naogopa, Mjomba. Naogopa kukosa kazi, naogopa polisi, naogopa hata kusimama kanisani, maana sauti yangu huwa inakatika nikitazamwa.

Lakini sitalala kando ya mashine ile. Na sitakuacha pale kwenye mikaratusi na jina lile.

Honi imepigwa barabarani mara ya tatu sasa. Mke wako amekuja kunitazama, akaniona naandika, akarudi jikoni taratibu.

Ulale salama, Mjomba. Bado nimekukasirikia, na nafikiri nitakukasirikia muda mrefu. Nakuahidi kesho nitasema yote, hata sauti ikikatika, na kwaya itakuja kukuimbia, na besi watafute mtu mwingine kama watampata.

Honi imenyamaza. Nasikia buti za Bwana uani, na anaita, "Karani!" Naacha kalamu hapa. Nakwenda kumfungulia mlango mimi mwenyewe, nimwambie siendi.

Mpwa wako.