Mama, Ouma Anauza Samaki Ambao Hajawaona

Mpendwa Mama,

Pole kwa kelele. Najua huko uliko ulitaka kupumzika, na mimi tangu utotoni sijawahi kukuacha upumzike. Ulikuwa ukiniambia kwamba hata kilio changu cha kuzaliwa kilikuwa kama cha mtu anayeuliza kitu. Leo tena nina swali, na siwezi kumuuliza mwingine kwa sababu linatuhusu wewe, mimi na Ouma wako.

Unakumbuka ile desturi ya chama chenu cha kuweka na kukopa? Mlikutana sebuleni kwetu Karungu, wewe ukiwa mwenyekiti, na kila ombi la ndugu wa mtu lilipofika, mwenyewe aliinuka, akabeba kiti chake cha plastiki na kutoka nje. Hakuna aliyemwambia atoke. Mama wa mkopaji, shangazi yake, mke mwenza, wote walienda kukaa kando ya jiko pamoja na kuku mpaka waitwe. Mimi nilidhani ni adhabu. Kisha siku Ouma alipoomba mkopo wa injini ya boti, ukainuka wewe. Mwenyekiti mzima! Nikakufuata mbio.

"Mama, kwani umefukuzwa?"

"Nani anifukuze kwangu?" ukasema. "Nikikaa pale ndani watanitazama mimi. Nataka watazame hiyo injini."

Halafu ukajifanya unaanika dagaa wa omena huku sikio lako limebandikwa ukutani. Usikatae, Mama, nilikuona kwa macho yangu. Walimnyima. Ouma, mtoto wa marehemu dada yako, uliyemlea sahani moja nami, hakugusa chakula jioni ile. Wewe uliimba tu wimbo wa kanisani ukiosha vyombo. Mpaka leo najiuliza, pale ukutani ulikuwa unaomba wampe ama wamnyime?

Sasa sikia kazi ninayofanya, maana uliondoka kabla sijaipata. Kila Alhamisi asubuhi niko kwa redio hapa Migori mjini, naongea juu ya pesa za mtu wa kawaida: mikopo, akiba, bima, hisa. Naongea Kiswahili ili Mjaluo, Mkuria na yule Mwislamu wa duka la vitambaa tusikilizane. Ungecheka mpaka ukae chini, mimi niliyekuwa nikitumwa chumvi narudi bila chumvi na bila chenji. Lakini tuna kanuni zetu na tunazishika. Sauti yangu haisomi tangazo la mtu. Nikienda kutafuta habari sichukui ile bahasha wanayoiita ya usafiri. Na msikilizaji simwambii aweke pesa wapi, namwonyesha tu maswali ya kuuliza kabla hajaweka.

Niliona kanuni hizo zinatosha, mpaka Min Atieno, mama mwenzako wa chama, aliponipigia. Bado ndiye mweka hazina wa chama chenu, na bado anaongea na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya ziwa.

"Akinyi! Tumekubali neno lako. Pesa yote ya chama tunaweka kwa samaki!"

"Neno langu gani, Min Atieno?"

"Si hilo la redio! Vizimba vya kufuga samaki ngege ziwani, kule Homa Bay. Unanunua hisa, samaki wananona, unagawiwa faida. Umesema kila wiki."

Yawa! Lilikuwa tangazo la biashara, Mama, limesomwa na mwanamume ambaye hata hatufanani sauti. Lakini lilichezwa kabla tu ya kipindi changu, likiungana na muziki wangu, na kwa akina mama wa Karungu, kinachotoka kwa redio wakati wa Akinyi ni Akinyi amesema. Nani angewalaumu? Mhubiri akisimama kanisani, kwani mnauliza tangazo la harusi ni lake ama la mwingine?

Nikauliza nani anawauzia hizo hisa. "Si Ouma wetu!" akasema kwa furaha.

Basi niambie, ungefanyaje? Ile pesa ni karo ya wajukuu wa watu. Meneja wa matangazo alikuwa ameshaninong'oneza kwamba kampuni ile ndiyo inayotulipia umeme, kwa hivyo nisiwe na maswali mengi. Na nikichunguza, ninamchunguza Ouma. Nikikuta wizi, wataniambia nimeuza damu yangu. Nikikuta hakuna kitu, wataniambia nimemfichia ndugu. Nilizunguka na hilo jambo hadi kichwa kikauma, halafu nikacheka peke yangu pale ofisini, kwa sababu nilikumbuka kiti chako. Nikamwendea Chacha, mwenzangu wa kazi kutoka Isebania, Mkuria mwenye subira ya kuvua bila chambo. Nikamwambia hii habari ni yako, mimi natoka.

Mama, sikujua kutoka ni kugumu hivyo! Chacha alienda Homa Bay, akarudi, na mimi roho juu. Nilimpelekea chai. Nilimpelekea mandazi. Niliuliza tu hali ya barabara ilikuwaje.

"Akinyi, kula mandazi yako," akasema. "Utasikia Alhamisi kama watu wengine."

Sasa najua kwa nini ulibandika sikio ukutani.

Alhamisi nikafungua kipindi kwa kusema wazi kwamba lile tangazo si maneno yangu na kuanzia leo litachezwa mbali na kipindi hiki. Nikasema pia kwamba anayeuza hisa hizo Karungu ni ndugu yangu, tumelelewa na mama mmoja, na ndiyo sababu habari inayofuata sikuiandika mimi. Chacha akasoma. Hakumwita mtu mwizi, kwa sababu hatujui kama ni wezi. Alisema aliomba kuonyeshwa vizimba: kwanza akaambiwa upepo ni mbaya, kisha injini imeharibika, kisha mwenye ufunguo wa boti amesafiri. Akasema walimpa bahasha na akaiacha mezani kwao. Basi, ni hayo tu. Nilingoja aongeze na hakuongeza.

Tukafungua simu. Mmoja akanitania kwamba ndugu yangu akaoge, ananuka samaki wa hewa. Nilicheka kidogo na nikaumia sana. Kisha ikaingia nyingine.

"Hallo? Ni Ouma wa Karungu."

Nilijua anakuja kunitukana mbele ya kaunti mbili.

"Mimi ndiye nauza hizo hisa," akasema. "Kila mtu akinunua napata kamisheni, na hilo sikuwaambia. Hivyo vizimba sijawahi kuviona. Nilionyeshwa picha. Na mimi pia nimeweka, niliuza injini yangu nikaweka." Akavuta pumzi. "Akinyi, sasa niambie kama dada. Nidai pesa yangu ama ningoje?"

Ile injini, Mama. Aliipata mwishowe kwa jasho lake, miaka mingi baada ya ninyi kumnyima. Sikujua ameiuza. Nilitaka kumwambia kimbia uitoe pesa yako leo hii. Lakini kama samaki wapo? Na ni nani mwingine katika wale wanaonisikiliza aliye na dada redioni?

"Sijui, Ouma," nikasema. "Kweli sijui. Lakini una haki ya kuonyeshwa samaki wako."

"Basi kesho naenda Homa Bay," akasema. "Niliyemuuzia yeyote, aje twende naye."

Leo ni hiyo kesho. Chama kizima kimeenda, pesa yao ikiwa bado benki. Mimi nimebaki hapa ofisini nakuandikia, kwa kuwa sina ruhusa ya kufanya lingine lolote, na kungoja kunaniua. Nakukosa sana. Natamani ungekuwa hapa unitume chumvi.

Nimeacha kuandika kidogo, Min Atieno amepiga. Wako ndani ya ofisi ya kampuni, na mwenye ufunguo bado hajapatikana. Hakuongea sana, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliinua tu simu ili nisikie. Nikamsikia Ouma akiuliza samaki wako wapi. Wakamjibu kwa maneno mengi. Akauliza tena, polepole, bila hasira, vile wewe ulivyokuwa ukituuliza nani amelamba sukari, ukiwa tayari kusimama hapo mlangoni mpaka jua lizame.

Lala salama, Mama. Hawa watu hawajui wamekutana na mtoto wa nani.

Ni mimi bintiyo, dadake Ouma