Maelezo kuhusu bomba la chokaa lililoganda Hayes

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Zipporah Moraa Ontita. Umri: miaka 41. Kazi: mhudumu wa wazee. Makazi: Hayes, London.

Mimi ni mjane wa Solomon Ontita. Alikuwa mwendesha pampu kwenye kiwanda ambacho husukuma uji wa chokaa kwa mabomba ya nje. Siku za baridi kali, yeye ndiye aliyekadiria mabomba yataganda saa ngapi.

Mnamo tarehe 13 Januari 2026, kama saa tatu asubuhi, alinipigia simu wakati wa chai. Alisema, "Mama Shiku, baridi ya leo imekuja na shemeji zake wote." Nilicheka. Nikamuuliza kama mabomba yatastahimili. Alisema amemwambia msimamizi wake, Justin, kwamba yatafika saa nane mchana bila kuganda, mradi pampu iendelee kuzunguka polepole. Ikisimama, hata saa sita hayafiki. Alipenda kunieleza kazi yake kwa mambo ya jikoni: uji ukikorogwa haushiki upesi, ukiachwa unaanza kushika ukingoni.

Saa sita na dakika chache alipiga tena. Alikuwa anahema. "Wamezima pampu tangu saa nne, na hakuna aliyeniambia. Kona ya bomba imeshaganda. Naenda kuikagua." Nilimwambia avae glavu. Alikuwa na mikono inayopasuka, na kila jioni aliisugua hadi chokaa yote itoke kabla ya kumshika binti yetu Shiku nywele. Simu ilikuwa imekatika.

Saa nane nilikuwa hospitalini. Niliambiwa pampu iliwashwa tena akiwa pale kwenye kona, kiungo cha bomba kikafyatuka na kumpiga kifuani. Sikumkuta hai.

Justin alikuja akanishika bega. Alisema, "Pole, mama. Lakini makadirio yalikuwa yake." Sasa kiwanda kimeandika kwamba mume wangu alikosea, na kwamba alijiua kwa hesabu yake mwenyewe. Hakukosea. Alikadiria uji unaotembea, wao wakausimamisha.

Nimeambiwa hapa kituoni kwamba neno langu pekee halitoshi, kwa kuwa sikuwa kiwandani. Aliyekuwapo ni Collins, kijana wa kwetu aliyefanya shifti na Solomon. Siku ile alinivuta kando ya lifti ya hospitali. "Mama Shiku, nilisikia. Justin mwenyewe alisema izimwe, na yeye ndiye aliyeamuru iwashwe. Ila tafadhali usinitaje, mama. Visa yangu iko mikononi mwa hawa watu."

Nilimwambia sitamtaja. Nimekaa na ahadi hiyo wiki tatu. Sina mtu mwingine. Muulizeni Collins.

Niliyoyasikia kwa masikio yangu na niliyoambiwa ni hayo. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) Z. M. Ontita

Kumbukumbu ya ofisa: Maelezo yametolewa kwa Kiswahili kupitia mkalimani na kuandikwa kwa mkono. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliomba jina la Collins lifutwe. Nilipochukua kalamu, aliushika mkono wangu. Akasema, "Liache." Limeachwa.
Konstebo Gurpreet Bhamra