Abigaïl Yuko Sokoni

Kamalondo

Abigaïl, binti yangu mpenzi,

Mama Chola, jirani yetu, anakusalimu. Cherehani yake inanguruma hata naisikia usingizini.

Kwenye simu nilikuambia nimepona. Sivyo. Moyo umechoka, na hospitali haina la kuongeza. Hawakutaka kuniruhusu nirudi nyumbani bila mtu wa kunitunza, basi niliwaambia ninaishi nawe.

Muuguzi wao, Syntiche, hunifuata hapa kila wiki. Hubonyeza miguu yangu aone imevimba kiasi gani, huniwekea dawa, kisha huuliza: "Papa, Abigaïl iko wapi?" Nami hujibu kwamba umekwenda sokoni.

Jana alicheka: "Papa, ile soko haifungake?" Akamwita Mama Chola, akamfundisha kunipa vidonge na kuniinua kitandani nikikosa pumzi. Hakunigombeza. Mlangoni alisema tu: "Abigaïl akirudia, umuambie nilimuulizia."

Ndiyo ninakuambia, mwanangu. Huko Mokambo unakoishi si mbali. Syntiche akija tena, nataka akukute.

Mimi papa yako, ninayekungoja,
Anaclet