Chokaa Juu ya Picha za Watakatifu

Malaz, Riyadh. Ijumaa, vumbi tangu alfajiri.

Jua lina rangi ya chai hafifu na madirisha yote tumeyafunga. Ukurasa huu wa mtandaoni pia nimeufunga. Wanaousoma ni binamu zangu wa Machakos tu.

Shuleni nimepewa kazi ya kuandika historia ya kanisa la kijiji kimoja cha Uingereza, la mawe, la Enzi za Kati. Nimelipenda. Wanakijiji waliyabeba mawe wenyewe, wakabatizwa humo, wakaoana humo, wakazikwa uani. Wasiojua kusoma walisoma kuta, maana zilijaa picha za watakatifu. Kisha dini ya mfalme ikabadilika, ikaja amri picha zifutwe.

Waliozipaka chokaa ni wanakijiji wenyewe.

Juzi niliwaona waoga. Leo sijui.

Hapa hakuna kanisa; haliruhusiwi. Kila Ijumaa watu wachache huja kusali sebuleni kwetu: madereva wenzake Baba, na Auntie Mwende, anayefanya kazi za ndani kwa madam mmoja mtaa wa pili. Jana haris, mlinzi wa jengo letu, alimsimamisha Baba kwenye ngazi.

"Ijumaa kwako viatu vingi mlangoni, Yusuf."

"Ni jamaa tu, wanakuja kula pilau."

"Na pilau yenu huimbwa? Mafi mushkila, hakuna shida," akasema akicheka.

Baba naye akacheka. Alipoingia ndani alifunga mlango kwa komeo. Ikama yetu, kibali cha kuishi hapa, inaweza kufutwa kwa siku moja. Akautoa msalaba ukutani kwa mkono wake, akawapigia watu simu wasije.

Auntie Mwende hakupatikana. Simu yake hukaa na madam.

Kwa hiyo leo amekuja. "Mbona kimya hivi? Kuna matanga?" ametania, kisha akauona ukuta mtupu. Tumesali kwa kunong'ona, Mama akimshika mkono. Katikati ya sala mtu amepanda ngazi, akasimama nje ya mlango wetu, akateremka tena.

Hatukumaliza sala.

Akiaga, Auntie ameuliza, "Ijumaa ijayo nije?" Wiki nzima hana pengine pa kwenda. Baba ametazama sakafu.

"Njoo, Auntie," nimesema mimi.

Hakuna aliyenikaripia. Afadhali wangenikaripia.

Baba bado amesimama dirishani, anatazama barabara. Ijumaa hiyo ikifika, na polisi wakaja wakimfuata Auntie, nitamwambia nini Baba?