Gari la Mama Asiloweza Kupanda

Jumamosi usiku

Na Kaka Beda alikubali kwa mdomo wake mwenyewe, tununue gari dogo! Alikuwepo Mama alipojaribu gari dogo la mwalimu, jirani yetu. Mama alikaa kitini kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja mmoja, bila kushikwa na mtu. Kwa magoti yake yale mabovu! Akacheka. Tukasema basi, tutafute la namna hii. Mama akauza shamba lake la Katindiuka, Beda akaenda Dar kununua.

Leo kaleta gari la juu, matairi makubwa, sakafu inanifika mapajani.

"Lile dogo lingekwama Mofu," akasema.

Mofu kuna mpunga wake yeye Beda. Mama huenda kliniki na kanisani tu.

Tulimsukuma watu wawili ndipo akapanda. Wakati wa kushuka alitokwa machozi, akasingizia vumbi. Majirani walipokuja kumpongeza, akatabasamu: "Mwanangu kaniletea gari."

Jioni Beda akaondoka nalo. Hata ufunguo wa akiba hakuuacha.

Baadaye Mama akaniita chumbani. "Kesho nitafutie bajaji ya kwenda kanisani. Ila kaka yako asijue, atajisikia vibaya."