Mama Ndani ya Hadithi Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa Kiingereza karudisha hadithi zetu. Thelathini na nane — na ishirini na sita zina theluji! Akauliza nani kati yetu amewahi kuiona. Hakuna hata mmoja! Hata yangu ilikuwa nayo, pamoja na bwana mmoja anayepasha miguu motoni. Nilidhani Kiingereza hakiandikwi bila vitu hivyo. Kasema tuandike upya: mtu wa nyumbani, tujifanye ndiye yeye. Nani sasa?

Jumanne, 4 Machi
Nimemchagua mama. Kutwa yuko kwenye cherehani, pini mdomoni, ukimuuliza kitu anaguna tu. Anawaza nini saa zote hizo? Sijui! Basi nikabuni. Nikampa gauni la bluu, kajishonea zamani kwa ajili ya safari, kalificha chini ya vitambaa vya wateja. Mwisho nikamvalisha, akaondoka bila kugeuka nyuma. Ajabu — kwa Kiingereza sikuona haya. Kwa Kiswahili nisingethubutu.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu kaisoma mara mbili! Anataka kuipeleka kwenye mashindano, mwisho wa kupokea hadithi ni kesho. Pale mama anapoondoka ndipo palipomgusa, hataki nipaguse. Ila kuna fomu: mzazi asaini kwamba anajua kilichoandikwa. Mama hajui Kiingereza. Jirani yangu wa dawati — tunamwita Redio, maana hazimiki — kasema nimdanganye ni insha ya usafi wa mazingira, yaishe. Nimecheka. Kisha nimeifikiria kweli.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi
Nimeshindwa kudanganya. Mama kasema nimsomee kwa Kiswahili, hasaini kitu asichokijua. Nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi, naye anashona. Nilipofika kwenye gauni, cherehani ikanyamaza. Akatoa pini mdomoni, moja moja.
"Nani kakwambia?"
"Hakuna, mama. Nimebuni tu."
Akanitazama sana. Sikuweza kujizuia, nikauliza kama lilikuwa la bluu.
"La kijani."
Kumbe lilikuwepo kweli!
Hakukasirika. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mteja kabisha hodi, mama yuko mlangoni anampima mabega. Fomu iko mezani, haijasainiwa. Imebaki aya moja, ile ambamo anatuacha. Naweza kuibadilisha kwa mdomo, hatajua.
Mteja kaondoka. Mama kavuta kiti, kakaa karibu yangu, si kwenye cherehani. Anadhani naandika tafsiri.
"Haya, mwanangu. Akalivaa, halafu akaenda?"