Kanzu Isiyo ya Mtani Wangu

Bungu, Kibiti

Mke wangu Mama Faraja,

Pokea salamu za mtu anayeandika huku jasho linamdondokea kwenye karatasi. Ukiona mahali wino umetanuka usidhani nimelia. Bado sijafika huko, ila njia ndiyo hiyohiyo. Hujambo wewe? Faraja hajambo? Lile jino la mbele limeshaota au bado anaongea kama bibi yake? Na mama mgongo vipi? Mahindi mmeshapalilia? Nasikia huko Songea mvua zimeanza vizuri. Huku imekuja mara moja, ikanyesha kama mtu anayenawa mikono tu, ikaondoka, ikatuachia mvuke. Sasa hivi Bungu nzima tunapikwa kama viazi kwenye sufuria lenye kifuniko.

Najua una hasira kwamba simu yangu haipatikani. Kabla hujaanza kusema nimepata mwanamke wa pwani, ngoja nikueleze. Simu iko Mbwera, chini ya maji. Nilikwenda kule visiwani kwa boti kutafuta kazi ya sweta za watoto wachanga, maana watu wa huku mtoto akizaliwa, hata jua liwe linachemsha kisima, lazima avae kofia, sweta na soksi. Ndani ya boti alikuwepo mama mmoja mjamzito. Nikasimama nimwonyeshe seti yangu ya njano. Boti ikakata kona kwenye mikoko, simu ikatoka mfukoni ikaenda zake. Nahodha akasema, "Pole kaka. Wakikupigia sasa hivi watakaopokea ni kaa." Boti nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nchi kavu ndipo nikakasirika. Na yule mama seti hakununua.

Maisha yangu ya huku ni haya. Naamka kabla jua halijaamka na hasira zake, naitoa mashine ya kufumia kibarazani, naanza kusukuma kigari chake juu ya sindano, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Jua likipanda, uzi unanata mikononi kama uji. Sindano za mashine zinashika kutu kwa jasho langu mwenyewe. Nafuma bila shati, taulo shingoni kama bondia. Wapita njia hawaniachi. "Fundi, sweta hilo la kuvaa jehanamu?" Nawajibu, "Ndiyo, nakupima wewe kwanza." Ndiyo biashara ya kufuma masweta Kibiti, mama. Mtoto wa Bungu havai sweta kwa sababu ya baridi, anavaa kwa sababu ya mwalimu.

Na mwalimu mwenyewe ndiye nilikuwa namtegemea. Unakumbuka nilikwambia Mwalimu Mkuu, Mwalimu Projestus, amenipa kazi ya masweta ya shule nzima, ya kijani yenye mstari wa njano kwenye pindo? Hela ya kazi hiyo ndiyo ya kupangia chumba cha pili. Chumba cha pili ndicho ulichosema bila hicho huhami, na Faraja aanze shule hapa mwezi wa kwanza. Nimefuma mpaka mabega yamehama. Hata vikwazo vya nyumbani nilivishinda. Mbuzi wa Bi Zuhura, huyu mama mwenye nyumba yangu, alikula mkono wa sweta. Si kipande, mkono mzima, mpaka begani. Nilipomlalamikia akaniambia, "Mwanangu Mngoni, wewe unafuma rangi ya majani halafu unamlaumu mbuzi?" Nikafuma mkono mwingine. Nyanya zangu nilizootesha kwenye dumu lililokatwa nazo alizimaliza mbuzi huyohuyo, lakini nyanya nilisamehe.

Jioni mwili ukikataa nilikuwa nakwenda kwa fundi pancha kucheza bao. Pale ndipo nilipomzoea mzee mmoja. Mfupi, kanzu nyeupe, kofia, mkongojo wake, amepinda kidogo upande wa kushoto akitembea. Tulimwita Mzee Kanzu. Alikuwa ananifunga bao huku anachungulia barabarani magari yanayopita, kama vile mimi si mtu wa kuangaliwa. Ananiambia, "Fundi, wewe unacheza kama unavyoongea. Haraka haraka, halafu unatafuta kete ziko wapi." Nilimpenda sana. Jina lake sikuwahi kuliuliza, na ujinga wangu wote unaanzia hapo.

Sasa nifike penyewe. Kama umesimama, kaa.

Unajua mwenyewe sisi na hawa Wandengereko ni watani tangu vita vya mababu. Msiba wao bila Mngoni wa kuwasumbua haujakamilika. Unavaa nguo ya marehemu, unamwigiza anavyotembea, unalala mlangoni maiti isipite mpaka watoe chochote, waliokuwa wanalia wanacheka, mambo yanakwenda. Tangu nifike nimeifanya kazi hiyo kwenye misiba yao na wananisifu. Imefika mahali mtu akifa wananiita mimi kama wanavyomwita mpishi.

Basi siku moja Bi Zuhura karudi kisimani, hata ndoo hajatua. "Yule mzee wenu wa bao kafariki. Msiba upo nyumba za walimu."

Sikujiuliza mzee wetu anatafuta nini nyumba za walimu. Kwa akili yangu ya darasa la nne, mzee wa Bungu mwenye kanzu ni Mndengereko, basi. Nikaacha sweta kwenye mashine nikakimbia. Roho iliniuma, nakwambia kweli. Nikasema, mzee huyu lazima nimsindikize kisawasawa.

Nilipofika, kwenye mikeka nikawaona watu wangu walewale: fundi pancha, Shabani wa bodaboda, akina mama na kanga zao. Wenyewe wa msiba walikuwa wamekwenda Kibiti kuchukua jeneza. Neno jeneza nalo, na Wandengereko ni Waislamu wa kuzikwa kwa sanda, lilinipita sikioni kama mbu. Kanzu ya mzee ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, imekauka. Nikaivaa. Ikanifika magotini kama gauni la shule. Nikachukua mkongojo wake, nikapinda kushoto, nikaingia katikati ya mikeka.

"Nyie Wandengereko! Nani kawaambia nimekufa? Mie nilikwenda kuoga tu! Leteni bao hapa, yule fundi masweta sijamaliza kumfunga!"

Mama mmoja akaficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika. Fundi pancha akacheka mpaka kikohozi. Lakini Shabani akaninyanyukia, macho yamemtoka.

"Mtani, toka hapo. Huyu si wetu."

"Ndivyo mnavyosema siku zote mkiogopa kutoa! Mtani akija, maiti si yenu!"

"Nakwambia si wetu, wee Mngoni! Vua hiyo!"

"Basi ni wangu mie! Leteni kahawa ya mzee, na hapa mlangoni hapiti mtu!" Nikajilaza kizingitini, mkongojo kifuani.

Mama Faraja, wewe nihukumu. Mtani akikwambia maiti si yake, utamwamini? Hata siku moja! Kukana maiti ndiyo mchezo wenyewe. Shabani alisema kweli, mimi nikaona leo kaucheza vizuri.

Pikapu ikaingia. Jeneza nyuma, na kwaya ya kanisa imelizunguka. Akashuka Mwalimu Mkuu. Mwalimu Projestus, mwenye masweta. Akaniangalia pale chini. Kicheko kikazimika kama taa ya umeme wa huku. Mimi nimelala kizingitini, nimefumba jicho moja, nasubiri mtu atoe sarafu.

Hakupiga kelele. Alisema hivi tu, "Vua kanzu ya baba yangu."

Niliivua. Chini nilikuwa na bukta, ile yenye tundu ulilosema nilizibe. Nikasimama mbele ya jeneza na kwaya na jirani zangu wote, nimeshika kanzu, sijui niikunje au niirudishe kambani. Mkewe alikuja akaichukua mikononi mwangu bila kuniangalia.

Kumbe mzee ni wa Bukoba. Alikuja kwa mwanawe kutibiwa macho. Kumbe na kwao Bukoba wazee huvaa kanzu tangu zamani, na ni Wakristo, na wala hawana utani na sisi hata wa kuazima. Ningejulia wapi? Darasa la nne hatukufika Bukoba!

Wakamsafirisha mzee kwao. Walipokuwa huko mimi nilimaliza masweta, nikayapiga pasi, nikayapanga. Nikasema kazi nzuri itanisemea. Mwalimu aliporudi nikayabeba kwenye viroba mpaka ofisini kwake. Akalitoa moja, akalivuta mshono, akalirudisha.

"Kazi yako haina tatizo, fundi. Tatizo ni wewe."

"Nisamehe mwalimu, sikujua."

"Najua hukujua. Watu wameshaniambia habari za utani wenu. Lakini mama yangu kule kijijini ameulizwa kama ni kweli mumewe alichezewa. Kwetu mtu akikosea msibani haji peke yake kuomba radhi. Anakuja na mtu wake, wa kumsemea na kumshikia dhamana. Anayekuja peke yake kesho atarudia."

"Huku sina mtu, mwalimu."

"Basi tafuta. Viroba vyako viache hapo nje, nikishamsikia mtu wako nitaviingiza."

Nikamwomba Bi Zuhura. Si mama mtu mzima? Akakubali vizuri kabisa, akajitanda kanga mpya, njia nzima ananifundisha niiname vipi. Tukakaribishwa, tukakaa. Akaanza kwa heshima zote: "Mwalimu, huyu ni kama mwanangu. Siku ile alipoivaa ile kanzu..." Nikamtazama. Midomo inamcheza. "Ile kanzu, mwalimu, ilimfika..." Akashindwa! Alicheka, Mama Faraja, alicheka mpaka akalala ubavu kwenye kochi la mfiwa, machozi yanamtoka, anasema samahani huku anacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikamfuata. Nilijing'ata ulimi mpaka damu lakini pua ikatoa sauti. Mwalimu akasimama akatufungulia mlango.

Sasa shule inakaribia kufunguliwa. Kuna fundi wa Kibiti mjini ameshaonekana pale shuleni na kamba yake ya kupimia. Viroba vyangu bado viko nje ya ofisi, chini ya upenu, na jua linapiga upande mmoja, rangi itapauka. Nimemfikiria Shabani, haiwezekani, ni mtani, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuniharibia. Nimemfikiria fundi pancha, ni yule aliyecheka mpaka kikohozi. Nimezunguka Bungu yote kichwani, kila mtu ninayemjua nilimjua kwa kumchekesha.

Nimebaki na mtu mmoja. Toka siku nimekuoa nahangaika ucheke, hucheki. Siku ya harusi yetu nilianguka na keki, watu wakagaagaa, wewe ukaniuliza kama nimeumia. Mama yangu alisema huyu mwanamke kanuna, mimi nikasema huyu ndiye. Njoo mke wangu. Ulisema hutakuja mpaka chumba cha pili kiwepo, na nilikuahidi. Sasa mambo yamegeuka, hakuna chumba mpaka wewe uje. Najua ni ngumu, najua mahindi yako shambani, najua utasema nimekufanya ngao ya upuuzi wangu. Sema yote, ila yasemee kwenye basi ukiwa njiani. Panda la kupita Masasi, shuka Bungu, usiulize jina langu, uliza Mngoni wa masweta. Vaa kile kitenge cha bluu. Beba maharage ya nyumbani kidogo, tusiende kwa mfiwa mikono mitupu.

Barua hii nimempa dereva wa lori anayerudi Songea kupakia mahindi, ataifikisha mwenyewe mpaka dukani kwa kaka yako. Kama huji, mpe huyohuyo jibu, nijue viroba nivitoe.

Nisalimie mama, mwambie mgongo asiuinamishe sana, palizi waachie vijana. Msalimie kaka yako wa dukani, na shemeji aliyenifundisha kufuma, mwambie mashine yake bado inadunda. Msalimie jirani anayewachotea maji. Mbusu Faraja kwenye pengo.

Na jambo la mwisho. Ukishakaa mbele ya mwalimu, ukimaliza ya radhi, mwambie baba yake alikuwa rafiki yangu, na siku ile nilikimbia kwenda kumuaga kwa namna pekee ninayoijua. Mwambie kete za mzee bado ziko kwa fundi pancha na hakuna anayezigusa. Mwambie wewe. Mimi nikilisema hilo, atadhani natania.

Mumeo,
Baba Faraja